Namna ya Kufuatilia Fedha za Watoto katika Bajeti ya Serikali

Mwongozo huu umetokana na swali la mjumbe wa kamati ya shule ya msingi nchini Tanzania, aliyetaka kujua kwa nini shule yao ilijengewa madarasa mapya bila kuongezewa mwalimu hata mmoja.

Hatua ya 1. Pakua vitabu vya bajeti kutoka tovuti ya Wizara ya Fedha. Hotuba ya waziri haitoshi, kwa kuwa hutaja jumla za sekta, ilhali wewe unahitaji kasma, yaani mstari mmoja mmoja wa matumizi.

Hatua ya 2. Kusanya mafungu, yaani sehemu za bajeti zenye namba ambazo kila wizara au mkoa hupewa, kisha tenga matumizi ya kawaida na ya maendeleo. Hapa ndipo wengi hupotea, kwani hakuna fungu moja la watoto. Wizara ya Elimu ni Fungu 46 na Wizara ya Afya ni Fungu 52, lakini mishahara ya walimu wa shule za msingi za serikali utaikuta katika mafungu ya mikoa, kama vile Fungu 72 la Dodoma, kwa sababu shule hizo ziko chini ya halmashauri na TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa). Anayesoma Fungu 46 peke yake atakuta humo mikopo ya wanafunzi wa vyuo vikuu, na anaweza kudhani kwamba ameona fedha zote za elimu.

Utengaji ni muhimu zaidi zinapoingia fedha za kuchochea uchumi. Mwaka 2021 Tanzania ilipata mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa ili kukabiliana na athari za UVIKO-19, na sehemu yake ikajenga vyumba vya madarasa 15,000: 12,000 vya sekondari na 3,000 vya shule shikizi (shule ndogo za karibu kwa watoto wanaoishi mbali na shule mama), kila kimoja kwa shilingi milioni 20. Hizo ni fedha za maendeleo zinazotolewa mara moja, ilhali mshahara wa mwalimu, chaki na ukarabati hutoka katika matumizi ya kawaida kila mwaka. Kwa hiyo, kila uonapo mradi wa namna hiyo, fungua matumizi ya kawaida ya miaka miwili inayofuata. Yasipopanda, ujue chumba kimepatikana na mwalimu hajapatikana. Angalia pia usihesabu mara mbili fedha zinazopita TAMISEMI kwenda halmashauri.

Hatua ya 3. Gawanya kiasi kwa idadi ya wanafunzi, kisha zingatia mfumuko wa bei. Elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016, ruzuku ya mwanafunzi wa msingi ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwaka, kiwango kilekile cha MMEM (Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi) ya mwaka 2002, ingawa bei zilikuwa zimepanda. Naiona hesabu hii ya kila mwanafunzi kuwa ya haki kuliko asilimia ya bajeti.

Hatua ya 4. Linganisha fedha zilizoidhinishwa na zilizotolewa kwa kutumia ripoti za CAG (Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali), kisha omba kuona mapato ya shule yako.