Namna ya Kukichorea Kikundi Jengo Bila Malipo Jijini Kisumu

Msanifu majengo anayetaka kukichorea kikundi cha akina mama wa mitaa ya Nyalenda au Obunga chumba cha kulelea watoto bila malipo aanze kwa kuandika makubaliano, kwa kuwa kazi isiyolipiwa huzua ugomvi kuliko ile yenye ankara. Aeleze humo michoro atakayotoa, mara atakazokagua ujenzi, na nani atakayelipa ada za kuidhinisha ramani katika serikali ya kaunti. Kisha aombe kuona hati ya ardhi kabla ya kushika penseli.

Kinachostahili muda mwingi ni kiwanja chenyewe. Kuelekea tambarare za Kano udongo ni mweusi, hufura mvua inaponyesha na kupasuka wakati wa kiangazi, nao Mto Nyando hufurika. Kwa hiyo msingi uchimbwe hadi upite udongo huo, na sakafu iinuliwe juu ya alama ya maji ambayo wazee wa mtaa watamwonyesha ukutani. Kwa kuwa Kisumu iko karibu sana na ikweta, kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini ili jua la asubuhi na la jioni lisizipige, na madirisha yakabiliane ili upepo wa ziwani upite.

Mhandisi wa miundo naye ashirikishwe mapema (mimi simwamini msanifu anayekisia nondo), kwani kujitolea hakumwondolei mtu dhima jengo likiporomoka. Mwisho, mradi usajiliwe na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi kabla mafundi hawajaanza kuchimba.