Nywila yangu ya kila asubuhi, na jinsi nilivyoyapima upya malengo ya kazi

Kwa miaka sita nywila ya kompyuta yangu ya kazini ilikuwa Mkurugenzi40. Nilikuwa mhasibu mwandamizi, na nilikuwa nimejiapiza kuwa mkurugenzi wa fedha kabla sijatimiza miaka 40. Kila mfumo uliponitaka nibadilishe nywila, niliongeza tarakimu mwishoni na kuendelea na shughuli zangu. Asubuhi moja ukakataa: nywila hii inafanana mno na ya zamani. Nikabaki na vidole juu ya kibodi, sina la kuandika. Mwishowe niliandika LalaSaa8, yaani usingizi wa saa nane. (Imeshabadilishwa, usijisumbue.) Nilicheka peke yangu, kisha kicheko kikakata ghafla.

Kama nawe unahisi umepanda ngazi iliyoegemea ukuta usio wako, haya ndiyo niliyofanya, pamoja na niliyoyakosea.

Anza na lengo lenyewe la zamani. Liandike kwenye karatasi, halafu jiulize lilitoka kwa nani na mwaka gani. Usikimbilie kulilaumu. Langu lilitoka kwa bosi wangu wa kwanza, mtu niliyemhusudu, nikiwa na miaka 24, sina mke wala mtoto, na mgongo haujaanza kulalamika. Lilikuwa lengo zuri la kijana yule. Kosa langu ni kwamba sikumwambia kijana yule kuwa mwenye nyumba amebadilika.

Hatua ya pili ndiyo nzito, na ndiyo watu wengi huiruka: usiandike orodha ya mambo unayoyathamini. Bado. Ukikaa kuandika sasa hivi utaandika familia, uadilifu, afya, kama kila mtu, na orodha hiyo haitakusaidia kuamua lolote. Badala yake weka daftari kwa wiki mbili. Mimi nilichora safu tatu: saa, nilichofanya, na mwili ulisemaje. Safu ya tatu niliijaza kwa alama tu, ya kujumlisha au ya kutoa, papo hapo, kabla akili haijaanza kutetea.

Nilitarajia alama za kutoa zijae kwenye kufunga hesabu za mwezi, kazi ambayo kila mhasibu huilalamikia. Haikuwa hivyo. Kufunga hesabu kulinipa alama za kujumlisha, hata usiku. Zilizonimaliza zilikuwa vikao vya bajeti, ambako idara zinavutana na mimi nabembeleza kila upande. Na saa iliyong'aa kuliko zote wiki ile ilikuwa Alhamisi mchana, niliposhinda na kijana mgeni kazini nikimwonyesha kulinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki. Tofauti ilikuwa ndogo, tuliitafuta karibu saa nzima, tukaikuta: tarakimu mbili zimepishana, 54 imeandikwa 45. Alivyoshtuka kwa furaha! Sikuwa nimejua kuwa kufundisha ni kitu ninachokithamini. Hakikuwemo kwenye lengo langu hata kwa herufi moja, na ukurugenzi ungenipa vikao zaidi na Alhamisi pungufu.

Daftari lilinifunulia jambo jingine: saa 58 kwa wiki. Hapo ndipo nikafanya hesabu ambayo nilipaswa kuifanya mapema, maana hesabu ndiyo kazi yangu. Cheo changu cha mwisho kiliniongezea mshahara kwa asilimia 30. Kabla yake nilikuwa nafanya saa 45. Kutoka 45 hadi 58 ni ongezeko la karibu asilimia 29. Kwa hiyo kila saa yangu ilikuwa imepanda bei kwa chini ya asilimia moja. Niliwahi kuifanyia sherehe nyongeza ile.

Fanya hesabu hiyo kwa kazi yako: gawanya mshahara kwa saa zote, pamoja na za njiani na zile za kujibu ujumbe kitandani. Na usidhani saa ni suala la fedha peke yake. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitoa makadirio kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki kunaambatana na hatari ya kiharusi iliyo juu kwa takriban asilimia 35, na ya kufa kwa maradhi ya moyo kwa asilimia 17, ukilinganisha na saa 35 hadi 40.

Sasa tenganisha uchovu na kutofaana na kazi, maana dawa zake ni mbalimbali. Kipimo changu ni likizo. Ukirudi baada ya wiki mbili na hamu imerudi, tatizo ni mzigo, omba upunguziwe. Ukirudi umelala vya kutosha na bado kazi yenyewe unaiona haina maana, tatizo liko kwenye lengo. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliuelezea uchovu sugu wa kazini kuwa si ugonjwa bali hali itokanayo na kazi, yenye sura tatu: kuishiwa nguvu, kuitenga au kuibeza kazi yako moyoni, na kujiona hufai kitu kazini. Lakini kama hata mambo ya nje ya kazi hayakupi raha tena na usingizi umekupotea kwa wiki kadhaa, muone daktari kwanza. Uamuzi wa kazi usubiri.

Hapo ndipo orodha inapoandikwa, na iwe ya vitu vitatu tu. Ukikwama kupata maneno, Edgar Schein, aliyekuwa profesa wa chuo kikuu cha MIT huko Marekani, alizungumzia nanga nane za kazi ambazo mtu huzing'ang'ania hata akibanwa: umahiri wa fani, uongozi, uhuru, usalama, ubunifu wa kuanzisha biashara, huduma kwa wengine, changamoto, na maisha yaliyo na uwiano. Mimi niliangukia umahiri, huduma na uwiano. Uongozi nilikuwa naubeba tu. Kisha ipime kila nanga kwa swali moja: nimewahi kulipia nini kwa ajili ya hii? Usichowahi kukitolea hata Jumamosi moja, huenda unakipenda kwa mdomo.

Zungumza na wanaokutegemea kabla hujazungumza na bosi. Nilimwelezea mke wangu kwa hotuba ndefu ya nanga na tunu. Akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Sawa baba, na ada?" Tuliandika matumizi yote, tukaona tunaweza kuishi bila nyongeza nyingine kwa miaka mitatu, ila si kwa mshahara uliopungua. Kwa hiyo kuacha kazi kukatoka mezani, na nilishukuru. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Kwa bosi nilikwenda mara mbili. Mara ya kwanza nilikwenda kulalamika, akanijibu kuwa kila mtu amechoka, jambo ambalo lilikuwa kweli. Mara ya pili nilikwenda na karatasi moja: "Mkuu, naomba vikao vya bajeti avishike naibu wangu kwa miezi mitatu, mimi nichukue mafunzo ya wahasibu wapya. Makosa yakiongezeka, turudi tulipokuwa." Alikubali kwa sababu ya ile sentensi ya mwisho. Omba jaribio lenye mwisho, na ulete kazi utakayoichukua pamoja na ile utakayoiacha.

Utasikia sauti ikikwambia umeshawekeza miaka mingi kwenye lengo la zamani. Sisi wahasibu tunafundishwa mapema kabisa kwamba gharama iliyokwisha kutumika haiingii kwenye uamuzi wa kesho. Kuifahamu ni rahisi. Mimi bado niliona wivu mwenzangu alipopata ukurugenzi. Nilimpongeza, nikaenda zangu kupanda ngazi kwa miguu mpaka ghorofa ya tano ili nisionekane uso.

Lengo jipya liandike kama wiki ya kawaida, si kama cheo. Langu linasema: saa 45, siku mbili za kufundisha, simu inazimwa saa mbili usiku, kufunga mwezi ndiyo ruhusa pekee ya kuvuka. Mwezi uliopita nilivuka mara nne, na mbili kati ya hizo hazikuwa za kufunga mwezi.

Mfumo wa kazini hutaka nywila mpya kila baada ya siku 90. Nimeifanya siku hiyo kuwa ya kulitoa daftari na kulipitia kabla sijaandika neno jipya. Zimebaki siku tisa, na safari hii sijui nitaandika nini.