SOMO: Thrasta ya omo imekufa au imeishiwa nguvu? Pitia hizi hatua kabla hujaishusha mota

Wakuu, thrasta ya omo ni ile mota yenye propela mbele ya boti, inayosukuma pua yake kushoto au kulia. Haipiti wiki sijaulizwa "thrasta yangu imegoma, ninunue mota gani?" Nikimuuliza mtu unapata volti ngapi wakati umebonyeza, ananijibu betri ina 12.7. Hiyo 12.7 ni ya betri iliyolala, haikuambii chochote kuhusu thrasta. Nimechoka kuandika jibu lile lile, kwa hiyo naliweka lote hapa, anayekwama aje asome kwanza alafu ndo aulize.

Elewa kwanza umeme unavyopita. Ile joistiki haibebi umeme wa mota, inapeleka kaumeme kadogo tu kwenye relei kubwa iliyo karibu na mota, na relei ndo inafungua njia ya umeme mzito. Relei ina koili mbili, moja ya kusukuma kushoto na moja ya kulia. Sasa thrasta ya kilowati 4 kwenye volti 12 inavuta zaidi ya ampea 330, wakati taa za boti zinavuta ampea moja au mbili. Ndo maana kiungo kibovu kinaweza kuwasha taa miaka na miaka bila shida, alafu ukibonyeza thrasta kinakufa hapo hapo.

Kabla ya kushika kitu: vua pete na saa ya chuma. Ukiwa na spana mkononi swichi kuu iwe imezimwa. Hakikisha hakuna mtu majini karibu na tundu la thrasta. Ukisikia harufu ya petroli huko omo usibonyeze kitu chochote, fungua hewa iingie na utafute inapovuja, maana brashi za mota (vile vipande vya kaboni vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka) zinatoa cheche. Na usiizungushe thrasta boti ikiwa nchi kavu, mota bila maji inakimbia kupita kiasi.

1. Paneli inawaka? Nyingi zinajizima zenyewe zikikaa bila kuguswa, na nyingi zinataka ubonyeze mara mbili kuwasha ili mtoto asiiwashe kwa bahati mbaya.

2. Swichi kuu ya thrasta iko ON? Mara nyingi ina swichi yake peke yake, sio ile ya boti nzima.

3. Fyuzi. Itoe uipime kwa mita, usiiangalie kwa macho tu maana ufa mwembamba hauonekani. Ikiwa imeungua kaangalie propela kwanza, kamba iliyojisokota ni sababu ya kawaida sana.

4. Bonyeza, usikilize. Ukisikia "tak" na mota haizunguki, shida iko kwenye njia ya umeme mzito. Usiposikia kitu, shida iko upande wa paneli, plagi za waya mdogo, au swichi ya joto iliyo ndani ya mota imekata kwa sababu umeitumia mfululizo. Hizi mota zimetengenezwa kufanya kazi dakika chache tu, iache ipoe ndo ujaribu tena. Ukisikia "tak-tak-tak-tak" achia hapo hapo, volti zinaanguka hadi relei inashindwa kushika, na kwa mtindo huo vidole vyake (vyuma vinavyogusana ndani kupitisha umeme) vinaungana kwa moto. Mota ikilia kwa kasi lakini boti haisogei, hilo sio la umeme, pini ya usalama imekatika au propela haipo.

Kama inafanya upande mmoja tu, badilishana zile nyaya mbili ndogo za kushoto na kulia pale kwenye relei. Kitufe kile kile kikiendelea kufa, ubovu uko kwenye paneli au waya wake. Kikizinduka na mwenzake ndo akafa, ubovu uko kwenye relei. Ukimaliza zirudishe zilivyokuwa, usije ukafika gatini ukabonyeza kushoto boti ikaenda kulia.

5. Pima volti thrasta ikiwa INAVUTA. Hapa ndo nilipoharibu mimi, kwa hiyo nawaomba msome polepole. Thrasta yangu ilikuwa inazunguka kivivu, nikapima kwenye betri nikapata 12.7, nikapima kwenye mota 12.7, nikajiambia nyaya ni nzima, mota ndo imechoka. Nikaishusha, nikasafisha brashi, nikabadilisha relei, nikarudisha kila kitu, na bado ilikuwa kivivu vile vile. Kosa ni kwamba nilipima umeme ukiwa umesimama, na umeme usiotembea haupotei njiani hata kama waya umebaki nyuzi mbili. Siku mtu aliponibonyezea nami nikapima, betri ilikuwa 11.4 na mota 9.3. Volti 2.1 zilikuwa zinapotea njiani, zidisha kwa ampea 300 tu unapata wati 630 za joto mahali fulani ndani ya boti, sehemu ambayo pengine imepakana na mbao na povu. Nikapapasa waya mzima kwa mkono mpaka nikafika kwenye kichwa cha waya wa negativu, kilikuwa hakishikiki kwa moto. Kwa nje mpira wake ulikuwa msafi kabisa, nilipoukata ndani nyuzi zilikuwa nyeusi na unga wa kijani ukamwagika kiganjani. Maji ya ngama (yale yanayokusanyika chini ndani ya boti) yalikuwa yamepanda ndani ya waya. Na muda wote ule mimi nilikuwa nahangaika na pozitivu peke yake.

Kwa hiyo fanyeni hivi, muwe wawili, mmoja abonyeze sekunde tatu, mwingine apime. Kipimo cha kwanza ni juu ya nguzo zenyewe za betri, sio juu ya kichwa cha waya. Cha pili ni kwenye terminali za mota. Tofauti ikikaribia volti moja au kuizidi kuna mwizi njiani. Kumkamata, weka ncha mbili za mita huku na huku kwenye kila kipande, kimoja kimoja: nguzo ya betri na kichwa chake, kuingia na kutoka swichi kuu, kuingia na kutoka fyuzi, kuingia na kutoka relei, alafu negativu ya betri hadi negativu ya mota (unganisha kipande cha waya kwenye ncha ya mita ili ufike). Kiungo kizima kinasoma karibu na sifuri, tuseme 0.1 hivi. Anayesoma zaidi ya wenzake ndo huyo.

Tahadhari wakati wa kurekebisha: kata waya mpaka ufike kwenye shaba inayong'aa, hata kama itabidi uweke waya mpya. Kichwa kibanwe kwa koleo lake la kubania, sio nyundo, na sio risasi ya kuchomelea peke yake maana kiungo kikipata moto risasi inayeyuka. Kichwa kigusane na terminali uso kwa uso, washa (ile pete bapa ya nati) ikae JUU yake na sio katikati, nimekuta washa ya chuma katikati mara nyingi na kila mara ilikuwa imebadilika rangi. Unapokaza nati ya mota shika nati ya chini kwa spana ya pili, ukikaza na spana moja boliti yote inazunguka na kukatika kule ndani, hapo ndo utanunua mota kweli. Grisi unapaka ukishakaza.

6. Betri. Kama imejaa na bado nguzo zake zinaanguka chini ya 10.5 mara tu ukibonyeza, betri imechoka au ni ndogo kwa kazi hiyo. Injini ikiwa inazunguka altaneta inasaidia, ila haiwezi kubeba mzigo huu peke yake.

7. Brashi za kaboni ni za mwisho. Zimekwisha, zimekwama kwenye vishikio, au vumbi lake limejaa ndani. Puliza kwa hewa kavu, uvae barakoa.

MASWALI

kasia_moja: Mkuu yangu haiwaki kabisa nifanyeje

Mwandishi: Hatua ya 1 mpaka ya 4, kisha urudi na majibu.

kasia_moja: nimesoma ila betri ni mpya haiwezi kuwa betri

Mwandishi: Sijasema ni betri. Ulipobonyeza ulisikia "tak" au hukusikia?

kasia_moja: sijasikiliza

Mwandishi: Basi nenda ukasikilize ndugu yangu, ni sekunde mbili. Bila hilo tutabaki kubahatisha.

nahodha_mpya: Mimi fyuzi ilikuwa inaungua kila mara, ilikuwa ya 250 nikaweka ya 400, sa hizi haiungui tena. Kwa hiyo sio lazima mambo yote hayo

Mwandishi: Mkuu rudisha ile ya zamani leo. Fyuzi inalinda waya, na waya wako haujanenepa kwa sababu umebadilisha fyuzi. Kilichokuwa kinaunguza bado kipo, tofauti ni kwamba sasa kitakachoungua ni waya wenyewe. Kaangalie propela, alafu pima volti, maana mota iliyokwama au inayozunguka kwa shida inavuta ampea nyingi kuliko kawaida yake.

nahodha_mpya: sawa ila mtu aliyenifungia alisema haina shida

Mwandishi: Ina shida. Angalia kitabu cha thrasta yako, ukubwa wa fyuzi na unene wa waya vimeandikwa jedwali moja kwa sababu vinakwenda pamoja. Na urefu wa waya hesabu kwenda NA kurudi.

bahari_shwari: Shikamoo fundi, asante kwa somo. Nimepima na mwanangu akibonyeza. Betri 11.8, mota 10.9. Negativu yote 0.15, swichi kuu 0.6, fyuzi na relei kwa pamoja 0.15. Hiyo 0.6 ni nyingi au nina wasiwasi tu?

Mwandishi: Marahaba dada yangu, umepima vizuri sana, na hesabu yako inafunga, 0.15 na 0.6 na 0.15 ni 0.9, ndo ile tofauti ya 11.8 na 10.9. Mwizi wako ni swichi. 0.6 kwa ampea 300 ni wati 180 ndani ya kidude cha kushika kiganjani. Bonyeza sekunde chache, uzime, alafu weka mkono juu yake, utaona ina joto. Kwanza kaza nati zake nyuma na upime tena. Isiposhuka, vidole vya ndani vimeliwa, na kinachovila ni kuzima swichi wakati thrasta inazunguka. Ukinunua nyingine soma ampea za kubeba mfululizo, usisome ile namba kubwa ya sekunde chache peke yake.

nanga_nzito: Yangu jana nimeachia joistiki na ikaendelea kuzunguka! Nilizima swichi kuu ndo ikasimama

Mwandishi: Hapo ulifanya sawa, ni afadhali swichi iharibike. Vidole vya relei vimeungana. Ukiigonga kidogo inaweza kuachia ila usiiamini tena, badilisha, na ukishabadilisha fanya hatua ya 5 la sivyo mpya nayo itaungana. Volti ndogo ndo kawaida inayoziua.

nanga_nzito: Nimekuelewa. Na nimebandika karatasi pale swichi ilipo, maana siku ile mke wangu ndo alikuwa karibu nayo na hakujua ni ipi

Mwandishi: Hilo naliiga leo hii. Kila anayepanda aonyeshwe ilipo.

mzee_wa_gati: Niongeze kitu vijana. Mkishapata vipimo vizuri viandikeni ndani ya mfuniko wa kasha la thrasta, betri ngapi, mota ngapi, tarehe. Msimu ujao mnalinganisha, hamuanzi moja. Na zile zinki za kwenye mguu wa thrasta (vipande vinavyoliwa badala ya mguu wenyewe) msizipake rangi, ikipakwa rangi hailindi kitu.

Mwandishi: Shikamoo mzee. La zinki nimeliona kwenye boti mbili, zinki mpya kabisa chini ya rangi na mguu umeliwa mashimo.

bahari_shwari: Narudi fundi. Kukaza hakukusaidia, nimeweka swichi mpya. Sasa betri 11.7 na mota 11.3, na inasukuma mpaka boti inatikisika. Ya zamani nimeifungua, ndani shaba imekuwa nyeusi na ina vishimo kama imetafunwa. Ila mbona betri imeshuka kutoka 11.8 hadi 11.7, nimeharibu kitu?

Mwandishi: Hujaharibu. Njia imefunguka, mota inavuta ampea nyingi zaidi, kwa hiyo betri inashuka kidogo zaidi. Andika hizo mbili kwenye mfuniko, 11.7 na 11.3.