Jinsi ya kuweka viungio vya reli kwenye treni ya modeli (HO)

Watu wengi wakishatandika reli wanamwaga kokoto wanapiga picha basi, lakini ukisogeza jicho unaona reli imenyooka mita nzima haina hata kiungio kimoja, na reli za zamani za Marekani hazikuwa hivyo kabisa. Zilikuja vipande vya futi 39 ili viingie kwenye behewa la futi 40, ukigawanya kwa 87 (HO ni ndogo mara 87 kuliko treni halisi) unapata kama milimita 136 na nusu, hapo ndo pa kiungio. Halafu usiviweke sambamba, Wamarekani walivipishanisha, cha kushoto kinaangukia karibu na katikati ya reli ya kulia. Sambamba ni mambo ya Uingereza.

Fanya hii kabla ya kokoto na kabla ya rangi, maana supagluu haishiki vizuri juu ya rangi. Piga alama na penseli, chukua msumeno mwembamba ukwaruze kichwa cha reli tu, kamfereji kadogo, usishuke mpaka chini umeme utakatika.

Sasa vile vibati vya pembeni vinavyounganisha vipande viwili vya reli kwa bolti. Nunua vya plastiki, vya bolti 4 vina urefu wa milimita 7 hivi na ukiviangalia kwenye mwanga unaona kabisa vichwa vya bolti, ni vitamu sana! Usipake gundi kwenye kibati, chovya ncha ya kijiti cha meno uguse kiuno cha reli (ubavu mwembamba chini ya kichwa), kisha kibati ukibebe kwa ncha ya kisu na ukikalishe katikati ya ule mfereji. Taratibu, kikiruka kwenye zulia ndo basi tena. Upande wa ndani hakikisha kimekaa chini kabisa ya kichwa cha reli, hasa kwenye code 70, reli fupi ya modeli ambayo kimo chake ni milimita 1.8 tu, magurudumu ya modeli za zamani yana ukingo mrefu yanagonga. Sukuma behewa kwa mkono usikilize, likiruka kidogo punguza kibati kwa wembe.

Gundi ikikauka paka kahawia ya kutu, na juu ya reli futa hapohapo kabla rangi haijashika.

Kama njia yako ina taa za ishara ongeza na kawaya kembamba ka shaba kanakovuka kiungio, kwenye reli halisi kapo kwa sababu vibati vikishika kutu havipitishi vizuri umeme wa ishara. Mimi natoa kwenye waya wa earphone zilizokufa, unyuzi mmoja unatosha.