Samaki wa mlangoni: kutoka mchoro hadi chapa ya linoliamu

Kabla hujagusa bobari, yaani patasi ya kuchongea, nenda Mji Mkongwe asubuhi, uchague mlango mmoja tu wenye nakshi, ukae nao. Mnyororo huzunguka ukingo wa nje, na chini ya miimo mara nyingi huchongwa samaki, ambaye wengi humhusisha na uzazi na riziki ya bahari. Mchore samaki huyo kwa ukamilifu, magamba na mapezi yake yote, kwani huwezi kupunguza usichokijua.

Hatua ya pili ndiyo kazi yenyewe. Kati ya Desemba 1945 na Januari 1946, mchoraji Picasso alichapa picha ya fahali mmoja mjini Paris kwa hatua 11, akianza na mnyama mzima mwenye nyama na misuli na kuishia na mistari michache. Fuata njia hiyo: weka karatasi nyembamba juu ya mchoro, unakili, uache kitu kimoja, kisha rudia juu ya nakala hiyo mpya. Mimi niliondoa magamba kwanza, kisha mapezi, kisha jicho. Nilipoondoa mkia likabaki jani la mwembe, nikajua kwamba usamaki wote ulikuwa umekaa mkiani. Niliurudisha, na tumboni nikaweka matao matatu yanayosomeka kama magamba na pia kama mawimbi. Hapo mchoro ukawa ishara, kwa sababu mstari mmoja ulibeba samaki na bahari kwa pamoja.

Hamishia mchoro kwenye linoliamu, bamba laini la kuchonga na kuchapia, ukiwa umegeuzwa, maana chapa hutoka kinyume. Linoliamu hutengenezwa kwa mafuta ya mbegu za kitani na unga wa kizibo, hivyo ianike juani dakika chache ilainike. Chonga ukisukuma bobari mbali na mkono unaoshika. Utakachoondoa kitabaki cheupe.

Sambaza wino kwa rola, tabaka jembamba, laza karatasi, usugue kwa mgongo wa mwiko kuanzia katikati kwenda pembeni. Wino wa mafuta hukawia kukauka wakati wa masika, basi usizipange chapa moja juu ya nyingine.

Chapa ya kwanza mwoneshe mtu asiyejua ulichokichonga. Akisema "jani", rudi kwenye mkia.