Mlenda wa Dodoma, friza na kopo lililopasuka

Sisi tuliokulia Dodoma ukungu wa kwenye chakula hatuujui vizuri. Mvua ni kuanzia Desemba mpaka Aprili, kwa wastani haifiki milimita 600 kwa mwaka, kisha ni jua na vumbi. Mlenda ukianikwa, umekauka kau. Basi mtu akifika Finland au Minnesota, akatumiwa mzigo wa chakula kikavu kutoka nyumbani, anajiambia: kwa baridi hii chakula kitaoza vipi?

Kinaoza. Kwenye friji ya nyuzi 4 ukungu haufi, unakwenda polepole tu. Kwenye friza, nyuzi 18 chini ya sifuri, unalala, lakini vijimbegu vyake vinaamka ukishatoa chakula nje. Sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na ukungu, ndiyo mbaya zaidi: friza haiiondoi, na kuchemsha hakuimalizi. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Kwa hiyo kazi ya kuchambua ifanyike nyumbani, kabla ya kufunga mzigo. Mwombe mama au shangazi aondoe karanga zilizosinyaa, zilizovunjika au kubadilika rangi. Hata zikionekana safi si hakikisho, ila umepunguza hatari.

Mzigo ukifika, usiufungue papo hapo. Hapa ndipo wengi tunapoharibu. Unga wa uwele uliotoka kwenye baridi ya nje, ukiufungua ndani penye hita, unatoa jasho kama chupa ya soda iliyotoka kwenye barafu. Jasho hilo linaingia kwenye unga, na baada ya wiki mbili unasikia harufu ya uvundo. Uache umefungwa mpaka kesho yake upate joto la chumba. Chakula kikavu cha friza nacho hivyo hivyo. Ndiyo maana ni bora kukigawa kwenye vifuko vidogo, unatoa kimoja kimoja. Na usikiweke kwenye kabati lililobanwa na ukuta wa nje. Ukuta ule ni baridi, unyevu wa kupikia na kufulia unagandia pale, na ukungu mweusi unaanzia nyuma ya kabati usikokuona.

Sasa vyombo. Geuza kopo la plastiki utazame namba iliyo kwenye pembetatu chini yake. Namba 5 ni polipropilini: inavumilia chakula cha moto, lakini ya kawaida ikikaribia sifuri inaanza kuwa kavu na kuvunjika upesi. Namba 2 na 4 ni jamii ya polithini, hizo baridi haizisumbui sana. Kopo langu kutoka soko la Majengo lilikuwa namba 5. Nililiacha kwenye roshani usiku wa nyuzi 20 chini ya sifuri, eti kuokoa nafasi ya friza. Asubuhi likaniponyoka, likapasuka kama yai. Nusu ya mlenda ikamwagika kwenye theluji, na jirani wa chini akaniuliza kwa upole kama nimehamisha mti wa maua.