Somo: Kufundisha mkataba wa Mangungo kwa igizo

Walimu wenzangu, salaam. Mmeniomba nieleze ninavyotumia igizo kwenye Historia. Nitachukua mada moja tu, mikataba ambayo Mjerumani Karl Peters alifanya na watawala wetu mwaka 1884, kwa sababu wanafunzi wengi huondoka na sentensi moja kuhusu mtawala aliyetia alama kwenye mmoja wa mikataba hiyo: "Mangungo alikuwa mjinga." Sentensi hiyo huniuma. Igizo ndilo lililonisaidia kuiondoa darasani kwangu.

Mara ya kwanza nilikosea. Niliandika mazungumzo yote, wanafunzi sita wakakariri, wengine sitini wakapiga makofi. Kwenye mtihani wakaandika yale yale ya ujinga. Tangu hapo siandiki mazungumzo. Naandaa hali, maneno wanayatafuta wenyewe. Tumia vipindi viwili vilivyofuatana.

Hatua ya kwanza: maarifa kabla ya igizo. Dakika kumi zinatosha. Novemba 1884 Peters na wenzake wanatoka Zanzibar, wanavuka hadi Saadani, wanaingia bara. Wanapita Uzigua, Nguru, Usagara na Ukami wakikusanya alama za watawala kwenye karatasi. Msowero, ambayo leo iko Kilosa, wanafika kwa Mangungo. Karatasi yao inataja urafiki wa milele, na hapo hapo inampa Peters nchi yote kwa niaba ya chama cha Wajerumani cha kutafuta makoloni. Imeandikwa Kijerumani.

Hatua ya pili: gawa dhima, ukianza na mkalimani. Hapa ndipo penye somo lenyewe. Chagua mwanafunzi msikivu, mchangamfu atakuharibia. Mwambie pembeni maana halisi ya karatasi, kisha mwache aamue atafikisha nini kwa baraza na atanyamazia nini. Waliobaki wawe wazee wa baraza, wapagazi wa msafara na wenye mashamba. Kila kundi lipewe kikaratasi chenye swali moja: "Mmekuja kulinda nini?" Mkataba wenyewe uandike kwa lugha ambayo hakuna anayeijua darasani. Utaona darasa linavyonyamaza unapoukunjua.

Hatua ya tatu: waigize, nawe uingie. Mimi huwa Peters. Kwa njia hiyo naongoza mwendo na kelele bila kusimamisha igizo. Mbinu hii ya mwalimu kuvaa uhusika ilipata nguvu sana kupitia kazi ya Dorothy Heathcote huko Uingereza. Jambo zito likitokea, piga kofi moja, wote wagande. Mguse mmoja, muulize anawaza nini. Mwanafunzi wangu mmoja, mzee wa baraza, alijibu: "Nawaza kwa nini mgeni ana haraka." Nilikuwa nimefundisha mada hiyo miaka kadhaa bila kuuliza swali hilo.

Hatua ya nne: watoe katika uhusika. Usiiruke hata kama kengele imekaribia. Wabadilishe viti, waitane kwa majina yao halisi. Kisha jadilini: mkalimani aliacha nini? Baraza lingeweza kujua nini siku ile? Ndipo uwaambie kwamba Mkutano wa Berlin ulifungwa tarehe 26 Februari 1885, na kesho yake Kaizari Wilhelm wa Kwanza akatoa hati ya kuyaweka maeneo hayo chini ya ulinzi wa Ujerumani. Je, Msowero wangekataa, ingekuwaje? Waache wabishane. Nyumbani waandike barua ya mkalimani kwa mwanawe.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Niko BTP (mazoezi ya kufundisha), darasa lina wanafunzi 90 na madawati yamebanana. Niigizie wapi?*

Marahaba. Chini ya mti ndiyo pazuri kuliko pote. Mvua ikinyesha, kila safu iwe kundi, wakae walipo, na mkalimani peke yake ndiye atembee. Inafanya kazi.

*Mkuu wa shule akisikia kelele anasema tunacheza. Nifanyeje?*

Mpelekee andalio la somo kabla ya siku yenyewe, kisha umwombe aje akae kama mzee wa baraza. Akishaulizwa swali na mwanafunzi, ataelewa.

*Kijana aliyeigiza Peters ameitwa "mkoloni" mwezi mzima.*

Pole sana, mwenzangu, na umpe pole yeye. Zungumza na darasa zima, yeye asisimamishwe mbele. Igizo lijalo mpe dhima ya mtu anayetetea wenzake. Ndiyo sababu dhima ya Peters naibeba mwenyewe.

*Unasahihishaje? Mimi natoa alama kwa uigizaji.*

Mwenye haya ataonewa, dada yangu. Nasahihisha barua tu. Naangalia kama mwandishi ametumia yale ambayo mkalimani angeweza kuyajua mwaka 1884, na kama tarehe na mahali ni sahihi. Barua bora niliyopokea iliandikwa na binti ambaye hakufungua mdomo kipindi kizima. Alikuwa mpagazi. Mkalimani wake alimwambia mwanawe maneno mawili ambayo hakuyafikisha barazani, na moja lilikuwa "milele".